Toleo Jipya la Chesi

Fundi friji ni rafiki yangu, na uongo si kazi yake. Kila alipocheza chesi na kompyuta, aliweka ubao wa mbao pembeni, akaisogezea mashine kete zake nyeusi kwa mkono wake mwenyewe. Shemeji yake hakumpa nafasi ya kupumua.

"Hiyo programu imezeeka kuliko wewe! Weka toleo jipya, au unaogopa kupigwa?"

Mchana mmoja, mchezo ukiwa nusu na shemeji akimchokoza tena pale karakanani, hasira zikampanda fundi. Zamu ilikuwa ya mashine, lakini hakuingoja.

"Potelea mbali!" akasema, akaifuta ile programu ya zamani.

Hapo hapo umeme ukakatika. Karakana yake haina dirisha, na mlango ulikuwa umefungwa; giza likawa totoro. Mara, pale mezani, mbao ikakwaruza mbao taratibu. Tok. Ikakwaruza tena. Tok.

"Shemeji, acha upuuzi wako!"

"Upuuzi gani?" Sauti ilitoka nje, ng'ambo ya barabara. "Mimi nimetoka zamani!"

Umeme uliporudi, malkia mweusi alikuwa amesimama mbele ya mfalme mweupe. Na farasi weupe, farasi wa fundi mwenyewe, walikuwa wamegeuza vichwa wote wawili, wanamtazama yeye.