Lebo Sitini

Zipu ilikwama katikati ya mgongo wa mwanariadha, ndani ya ukumbi uliofurika watu waliokuja kuchukua namba zao za triathloni, na mwandaaji wa mashindano alikuwa akiivuta kama anayeng'oa jino.

"Kaka, utamchuna huyo," sauti ikamwambia. "Sogea."

Alikuwa fundi cherehani, gauni la bluu, pini tatu kifuani. Akatoa kipande cha mshumaa mkobani, akapaka meno ya zipu, akavuta mara moja. Ikapanda.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mama. Wewe umejifunza wapi kuharibu?"

Mwandaaji alicheka mpaka karatasi zikamdondoka. Viatu vyake vilikuwa vyeupe pe, na macho yake hayakumwacha fundi siku ile.

Baada ya hapo mwandaaji akawa anampigia simu asubuhi, simu mchana.

"Mkurugenzi, huna kazi?"

"Kazi yangu ni wewe, laazizi. Nyingine ni ziada."

"Maneno matamu hayashoni nguo."

"Basi shona wewe. Nataka suti sitini. Na nikimaliza mashindano, nakuja kwa mama."

Suti zilikuwa za wageni ambao wangepanda ndege kuja kwenye hoteli kubwa ya ziwani, waogelee, waendeshe baiskeli, wakimbie, yote kwa vazi moja. Fundi alizishona kwa miezi miwili. Kila moja aliipa lebo nyekundu yenye jina la karakana yake, akaibana chini ya mshono uleule ulioshika zipu shingoni. Hiyo karakana alikuwa ameianzisha mwenyewe, na jina lile ndilo alilotaka lijulikane.

Siku moja kabla ya mashindano alizikuta zimetundikwa kwenye duka la hoteli, chini ya kibao: "Vazi kutoka ng'ambo." Akageuza shingo ya moja, kisha ya pili. Lebo hazikuwepo.

"Nani kazikata?"

Mwandaaji aliangalia sakafu. "Mimi. Mwenye hoteli ndiye mdhamini wetu. Alisema wageni hawavai kitu cha fundi wa mtaani. Niliokoa oda yako, mpenzi."

"Na ukinioa? Utawaambia wageni mkeo katoka kiwandani?"

Akaondoka na kuzima simu. Katika chumba alichokodi karibu na hoteli ili arekebishe suti za wageni, alilia, maana alimpenda, na kumpenda kwenyewe kulimkera.

Asubuhi alikuwa akifunga cherehani yake aondoke, mlango ukagongwa. Ni mwandaaji, viatu vyeupe vimejaa tope.

"Fundi, zipu zinaachia shingoni. Karibu zote. Tunaanza baada ya saa moja."

"Mkasi wako umekata mshono ulioshika zipu. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nisaidie. Kuna chumba nyuma ya jiko, kina umeme, hakuna atakayeku..."

"Malizia."

Mwandaaji akainama kufuta tope kiatuni.

"Cherehani yangu itakaa pale wanapoanzia, mbele ya watu," fundi alisema. "Na wewe utashika kipaza sauti useme nani kashona na nani kakata. Hutaki, waache waogelee na ngozi zao."

Ufukweni wanariadha walikuwa wameshika shingo za suti zao kwa mikono miwili. Mdhamini, kwenye koti lenye vifungo vya dhahabu, alimsogelea mwandaaji. "Ukisema neno, mwakani huna hoteli."

Mwandaaji akawasha kipaza sauti.

"Suti hizi hazikutoka ng'ambo. Kazishona fundi huyu hapa. Mimi ndiye niliyekata jina lake kwa mkono wangu, kwa woga. Pangeni foleni, na mumsalimie."

Fundi alishona, pini mdomoni, shingo baada ya shingo. Maneno ya mwandaaji yalimgusa, na bado alikuwa na hasira naye. Mashindano yalichelewa zaidi ya saa moja, na mdhamini aliondoka bila kuaga.

Jioni wanariadha walirudisha suti zilizofuliwa, kila mmoja akidai lebo yake. Mwandaaji akatoa bahasha. Alikuwa amezitunza zote. Akapiga goti mbele ya cherehani.

"Nikuoe, fundi."

"Inuka, kaa kwenye kiti. Shika sindano."

Mwandaaji akashona. Fundi akatazama, akafumua. Mwandaaji akashona tena. Vidole vilipomuuma, akampigia simu mama mkwe mtarajiwa na kuiweka mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye mkasi?"

"Ndiye mimi. Naomba nije nyumbani kumposa binti yako."

"Mwenyewe kasemaje?"

"Kasema nishone lebo kwanza."

"Umefikisha ngapi?"

"Tisa. Saba kazifumua."

"Zikifika sitini, nipigie," mama akasema, na simu ikakatika.

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu jana. Kisha akavuta kiti karibu na chake, akamtungia uzi kwenye sindano.