Mikono Miwili Juu ya Bomba

Vestine anaoka mikate nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Nengo. Asubuhi anaipeleka mpakani, Petite Barrière, kwa watu wanaovuka kwenda Goma. Mchana anawasha tanuri tena. Saa kumi upepo wa ziwa unaanza kuvuma. Saa hiyo binti yake Ineza, mwenye miaka minne, huwa amelala chumba cha nyuma.

Na saa hiyo ndipo kitu kilipokuwa kinakuja.

Siku ya kwanza Ineza aliamka akitapika. Siku ya pili hakuamka upesi. Vestine alimwita, akamtikisa, akambeba nje. Hapo tu mtoto akafungua macho.

"Mama, iko mutu anashuka kwa ukuta," alisema. "Hana uso. Iko na mikono tu."

Cansilde, mama mkwe wa Vestine, aliwahi kuishi Goma miaka mingi. Alishika kichwa.

"Yewe! Ni mazuku," alisema. "Ile hewa mubaya ya volkano. Inatambaa chini, inaua mbuzi, inaua watu. Tuinue kitanda ya mutoto."

Wakainua kitanda juu ya matofali. Kikafika karibu na matundu ya hewa, chini ya paa.

Kesho yake Ineza alizimia. Walikimbia naye kituo cha afya, akapewa hewa kwa mashine. Muuguzi hakuficha neno.

"Amevuta sumu ya moto. Asilale tena mule mpaka mujue inatoka wapi. Safari ingine mutachelewa."

Vestine akamwita Akaliza, fundi wa matanuri kutoka Rugerero. Akaliza alitazama bomba la moshi. Lilikuwa fupi, halikufika hata nusu ya paa. Juu yake kulikuwa na sahani ya bati ya kuzuia mvua.

"We fundi wa matofali, unajua nini ya mazuku?" Cansilde aliuliza.

"Koko," Akaliza alimjibu bibi, "mazuku ni kweli, iko inaua. Lakini mazuku haijui saa. Hii yenu inafika saa kumi, kama mutu wa ofisi."

Vestine alitaka kucheka, akashindwa.

"Moshi yangu inaenda," alisema. "Naiona inapita kule."

"Bon, sawa. Tungojee upepo," Akaliza alisema.

Upepo ulipokuja, Akaliza alitupa majani mabichi ya mikaratusi ndani ya moto. Moshi ukawa mweupe, mzito. Ulitoka kwenye bomba, ukainama. Kisha ukajikunja mara mbili, mkunjo mmoja kushoto, mmoja kulia. Kila mmoja ulizunguka upande wake, kama mikono inayosokota kamba. Nyuma ya bomba moshi mwingine ulishuka. Ulishuka polepole, ukizunguka, ukapapasa ukuta. Ukafika kwenye matundu. Ukaingia.

Ndani, juu ya kitanda kitupu, mto ulifunikwa na weupe.

Ineza alijificha nyuma ya mama yake. "Ni yeye," alinong'ona.

"Muliona maji ya muto nyuma ya jiwe?" Akaliza aliuliza. "Inazunguka pale, inavuta majani. Upepo nayo ni vile. Unapiga moshi ubavuni, moshi inainama, inajikunja. Nyuma ya bomba na nyuma ya ukuta upepo inazunguka, inavuta kila kitu chini. Moshi yenye nguvu inaponyoka. Yenu haina nguvu, ile bati inaikata. Na bomba ni fupi. Donc, basi, inashikwa."

"Na siku zingine hatukuona kitu," Vestine alisema.

"Makaa ikishika, moshi inapungua. Sumu inabaki. Haina rangi. Na ninyi mukamupandisha mutoto mpaka kwenye mulango yake."

Cansilde alikaa chini. "Ni mimi nilibeba matofali," alisema.

"Sasa utabeba tena, koko. Tuna kazi."

Waliitoa ile sahani ya bati. Sasa Vestine hulifunika bomba, mvua isiingie, baada ya moto kuzimika kabisa. Kwa matofali yaleyale ya kitanda Akaliza aliinua bomba, akaongeza mengine, mpaka likapita ncha ya paa kwa mita nzima. Kitanda kikahamia chumba cha mbele, mbali na tanuri.

Saa kumi walitupa majani tena. Moshi ulitoka kwa nguvu, ukapanda, ndipo ukainama. Mikono miwili ilikuwapo bado, ikizunguka vilevile. Lakini ilipita juu ya paa, ikaenda zake. Matundu yalibaki matupu.

Siku ile Vestine alikaa kando ya kitanda, akihesabu pumzi za mtoto. Ineza aliamka mwenyewe.

"Mama, nasikia njaa," alisema. "Yule mutu amepita?"

"Amepita juu."

Cansilde alimletea mkate wa moto. Kisha akatoka uani, akatazama juu ya bomba mpaka upepo ukatulia.