Namba Mbili za Siagi Moja

Siku ya gulio Kasulu, Firdausi Omary alikamata gunia la karanga lililosalia, na papo hapo mkono mwingine ukalikamata kwa upande wa pili. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati la kijivu limenyooshwa hadi pindo, viatu vimejaa vumbi jekundu la njia ya Kibondo.

"Dada, gunia hili nimelikuta mimi."

"Umelikuta limeshikwa."

"Basi tugawane. Chukua karanga, mimi nichukue gunia."

Firdausi hakukusudia kucheka, lakini alicheka. Alikuwa na baibui jeusi lenye tarizi ya kijani, shahada ya sayansi ya vyakula, na kiwanda kidogo cha siagi ya karanga nyuma ya duka la baba yake. Kijana aliitwa Nurudini, fundi mitambo. Alitaka karanga za kujaribia pampu ya kusukuma vitu vizito. Firdausi alikuwa akiitafuta pampu ya namna hiyo.

Mvua zilipokatika, simu za pampu zilikuwa zimegeuka simu za kila jioni, na wajomba wa Nurudini walikuwa wakijiandaa kuleta posa Jumapili. Ndipo Nurudini alipopiga simu akiwa na furaha tele.

"Laazizi, nimeipima siagi uliyoniletea. Inanyerera bila shida! Mota ndogo inatosha."

Kwao Firdausi, watu wenye asili ya Tanga, nyumbani waliongea Kiswahili tu. Alidhani "inanyerera" ni Kiha cha "inatiririka". Naye alikuwa amepima siagi ya pipa lilelile. Siagi ya karanga husimama kama tope mpaka isukumwe kwa nguvu ya kutosha, na nguvu aliyoipata yeye ilikuwa mara tatu ya ile aliyoitaja Nurudini. Akarudia kupima. Namba haikubadilika.

"Nuru, umeipunguza namba?"

"Niipunguze ili iweje?"

"Ulijua nataka mota ndogo. Umenipa ninachopenda kusikia."

"Mimi natongoza kwa maneno, Firdausi. Kwa vipimo sitongozi."

"Anayechezea namba atachezea na mengine. Waambie wajomba zako wasije."



"Sema tu kwamba kwenu hawataki Muha. Usiisingizie siagi." Akakata.

Firdausi hakulia. Alienda kuosha vyombo vya maabara vilivyokuwa safi tayari. Shadia, rafiki yake Muha wa Munanila aliyemsaidia kazi, alimtazama mpaka akachoka.

"Kwani alikwambiaje hasa?"

"Kwamba siagi inanyerera."

Shadia akasonya. "Shoga, ukikanyaga tope ukaenda chini puu, hapo ndipo umenyerera. Kwani maji yakitiririka yanaanguka?"

"Kumbe ni kuteleza?"

"Ndiyo hivyo."

Firdausi akakausha mikono. Kipimo chake kilikuwa na mapanga yaliyozama ndani ya siagi. Cha Nurudini kilikuwa mche laini wa chuma uliozunguka ndani ya kikombe laini. Akatengeneza kama hicho, akajaza siagi, akachora juu yake mstari wa wino kutoka kwenye mche hadi ukingoni. Akazungusha. Mche ulizunguka, mstari ukabaki umenyooka, umekatika pale tu ulipogusa chuma. Ukuta wa mche uling'aa utando mwembamba wa mafuta. Siagi haikutiririka hata kidogo. Chuma kiliteleza juu yake. Namba iliyotoka ilikuwa ya Nurudini.

Akagandisha msasa kwenye kuta zote mbili, akarudia. Safari hii mstari ulipinda kama upinde, na namba ikawa yake.

Hakuna aliyedanganya. Na yeye alikuwa amemhukumu mtu bila kumaliza kupima.

Kesho yake alishuka Kibondo, gauni la samawati, kikombe mkononi. Nurudini alikuwa akichomelea. Hakuvua miwani.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam. Umekuja kunikagua?"

"Namba yako ni ya kweli."

"Nilijua."

"Na yangu ni ya kweli." Akazungusha bila msasa, kisha kwa msasa, akamwonyesha mistari yote miwili. "Kwenye bomba nyoofu itanyerera, mota ndogo inatosha. Kwenye kona siagi yenyewe lazima ijipinde. Hapo mota yako ingeungua."

Nurudini akavua miwani, akazungusha mche kwa kidole, akarudia. "Tunazihitaji zote mbili."

"Zote."

"Hilo la siagi limeisha. La kwetu je?"

"Nilikukosea, Nuru. Nisamehe."

"Na mimi niliwasema watu wa kwenu vibaya." Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Lakini wajomba wameshajua umekataa. Niwaendee na nini, msasa?"

"Waambie ni Jumapili ileile. Baba ameshanunua mbuzi."

"Ulimwambia lini?"

"Jana."

"Kabla hujajua kama nitakubali?"

"Nilijua ninachokitaka mimi."

Nurudini akampigia mjomba wake aliyekuwa kijijini Kagerankanda. "Shikamoo, mjomba. Safari ipo... Hapana, hakukataa. Tuligombana juu ya karanga." Kicheko cha mzee kilijaa karakana nzima, kikafuatwa na swali. Nurudini akamtazama Firdausi. "Anauliza nani alikuwa na haki."

Firdausi akaichukua simu.

"Shikamoo, mjomba. Jumapili njooni mapema. Baba hapendi chakula kipoe."