Kilo Ishirini za Magimbi

Jumanne ni siku ya ndege, na siku ya ndege baba yangu hana mzaha. Asubuhi tulivuka kwa boti hadi kisiwa kidogo cha mchanga ulipo uwanja wa ndege wa kisiwa chetu cha Aneityum. Baba ndiye wakala wa shirika la ndege. Mimi husoma mizani na kuandika uzito wa kila abiria na mzigo wake, naye humsomea rubani aliyeko kisiwa cha Tanna kwa redio.

Bibi yangu, Neli, alikuwa anakwenda Tanna kwenye karamu ya siku mia tangu dada yake afariki. Kikapu chake cha magimbi kilikuwa na kilo thelathini na moja, kupita kiasi anachoruhusiwa abiria.

"Andika kumi na moja," alininong'oneza. "Au unataka niende mikono mitupu, wanicheke?"

Nikaandika kumi na moja.

Ndege ilipotua, rubani, Kapteni Moli, aliinua vikapu viwili vitatu, akasita. Akaamuru mizigo yote ipimwe upya kwa pamoja. Ilizidi hesabu tuliyomsomea kwa kilo ishirini.

"Nani kanisomea uongo?" alifoka. "Kuja nimetumia dakika ishirini na moja kwa sababu upepo ulinisukuma. Kurudi ni kilomita zilezile mia na tano, lakini upepo utanikabili, ni dakika thelathini na tano. Nimejaza mafuta kwa hesabu yenu, hadi kikomo cha uzito wa ndege. Siwezi kuyamwaga hapa, wala siruki na uzito huu."

Baba alimgeukia mzee Nasauman, aliyekuwa akienda kwa daktari wa macho ambaye angeondoka Tanna jioni ileile. "Ni wewe tena. Mwezi uliopita ulificha mizizi ya kava kwenye mkeka isipimwe. Leo unabaki."

"Sina ila nguo zangu, Rubeni."

"Nimesema unabaki."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake. Hasira ilinipanda. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

"Baba, ni mimi," nilisema. "Kikapu cha Bibi ni thelathini na moja. Niliandika kumi na moja."

Bibi ndiye aliyenijibu. "Umeniaibisha mbele za watu, Lavinia."

"Umejiaibisha mwenyewe," mzee Nasauman alimkatiza. "Macho yangu ndiyo mabovu, Neli, masikio yangu mazima. Ulisikia nikisingiziwa ukanyamaza."

Bibi alipiga magoti mchangani, akaanza kutoa magimbi moja moja, makubwa kwanza, hadi mizani ikasoma kumi na moja. Kisha akamshika mzee mkono, akamwongoza hadi kwenye ngazi ya ndege. "Kaa dirishani," alimwambia kwa sauti ya chini. Mzee alikaa, akamgeuzia mgongo; Bibi akapanda na kukaa nyuma yake.

Ndege ilipopotea mawinguni, Baba alikuja kwangu.

"Kwanza, mimi nimemkosea yule mzee, na Ijumaa akirudi nitamwomba radhi hapahapa, mbele ya watu. Sasa wewe. Ulidhani unaiba kilo ishirini. Ndege nzito hunywa mafuta zaidi: uliiba mafuta ya dakika za mwisho, huko juu ya bahari, ambako hakuna pa kutua. Na bibi yako angekuwa amekaa humo ndani."