Matundu Juu ya Dirisha

Kila jioni ya kipupwe, baridi iliposhuka kutoka vilele vya Uluguru, Chausiku aliingiza jiko la mkaa chumbani kwa bibi yake, akaanika sare yake mbichi kwenye kamba, kisha akafunga dirisha.

“Mke mwenzangu,” Bibi Mwanvita alimtania, “mbona unanikausha kama samaki wa sokoni Mkuyuni?”

“Nakutunza, bibi. Ukiniharibikia, babu huko aliko atanilaumu!”

Bibi alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

Walikuwa wametoka kwenye nyumba ya nyasi na kuhamia hii mpya ya matofali na bati. Fundi Dadi alikuwa ameacha safu ya matundu juu ya kila dirisha. “Haya msiyazibe,” alimwambia Chausiku siku ya kuhamia. “Nyumba ya nyasi hupumua yenyewe. Hii bila matundu haina pua.”

Lakini pua hiyo ilivuta baridi, na bibi alikuwa anatetemeka. Chausiku akapanda kwenye stuli, akayaziba matundu yote kwa vipande vya khanga kuukuu bila kumwambia baba yake.

Haukupita muda, matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye bati kila alfajiri. Godoro likawa na unyevu. Nyuma ya kitanda ukungu mweusi ukatambaa ukutani kama masizi, na kikohozi cha bibi kikazidi.

“Dadi kanipiga!” baba yake, Rehani, alifoka. “Kaniwekea bati zilizotoboka!” Alipanda, akapaka lami. Matone hayakukoma. Basi akaenda kuyasema sokoni, mbele ya mikungu ya ndizi, na watu wakampa Dadi jina la Fundi Chujio. Mzee Hamza, aliyekuwa amempa kazi ya kumjengea mwanawe nyumba, akamtafuta fundi mwingine.

Dadi alikuja, kofia mkononi. Chausiku alipomwona njiani, alikimbia ndani, akang’oa matambara na kuyaficha chini ya godoro. Bibi alikuwa amelala, homa imempanda.

Dadi alitazama juu. “Siku zote matundu huwa wazi hivi, mwanangu?”

Chausiku alimwangalia baba yake aliyekunja uso. “Siku zote,” akajibu.

Dadi akavaa kofia yake, akaondoka. Jioni baridi iliporudi, matambara nayo yakarudi.

Wiki hiyohiyo bibi alishindwa kuvuta pumzi, wakamkimbiza hospitali mjini Morogoro. Muuguzi Regina aliuliza bibi analala wapi.

“Chumba ni kibovu, paa linavuja,” alisema baba.

“Kipupwe hiki? Mvua iko wapi?”

Baba akamweleza kuhusu jiko la mkaa, nguo zinazoanikwa ndani na dirisha linalofungwa usiku. Muuguzi akaendelea: “Mnapumua humo, mnaanika nguo. Mvuke ukikosa pa kutokea, unagota kwenye bati baridi na kuwa maji, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana ukungu unaota. Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa linaweza kuua watu usingizini.”

Chausiku aliutazama mpira wa hewa puani mwa bibi. “Baba, nilidanganya. Niliyaziba mimi.”

Baba hakumpiga. Walipofika nyumbani alimpa stuli tu, akamwonyesha matundu, na Chausiku akaona heri angepigwa.

Waliyazibua matundu, wakaweka wavu wa kuzuia mbu, wakasugua kuta kwa sabuni. Madirisha yakawa yanafunguliwa kila asubuhi. Jiko na nguo vikabaki nje. Matone yakakoma. Bibi aliporudi alipewa mablanketi mawili badala ya jiko, ila kifua chake kilibaki kinapiga filimbi. Shambani kwake mlimani hakuenda tena.

Walimkuta Dadi akilima kibarua shamba la watu. Chausiku alimwamkia, akaungama.

“Nitasema sokoni kama nilivyosema mwanzo,” baba aliahidi.

“Sema, kaka. Ila nyumba ya mwana wa Hamza imeshaezekwa na fundi mwingine.” Dadi alijifuta jasho, akamgeukia Chausiku. “Kumtafutia bibi yako joto si kosa. Hata kuziba, ulifanya kwa kutojua. Lakini nilipokuuliza, jibu ulikuwa nalo. Ukweli ungekupatia karipio tu. Uongo umemharibia bibi yako kifua, na mimi umeninyima kazi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwanangu.”

Siku ya gulio, baba alisimama palepale penye mikungu ya ndizi, Chausiku kando yake, akatangaza kwamba Dadi hakuwa na kosa. Wachache walisikiliza. Mmoja aliuliza ndizi zinauzwaje.