Bahasha ya Kilo Mbili Nukta Sita

Jumamosi, saa tano na dakika hamsini na tano mchana, Wakesho alitoka studio yake ya Kaloleni bila viatu, akaja hadi getini mikono kichwani.

"Mzee Munyao, nani ameingia kwangu?"

Munyao, soja mlinda geti wa jengo lile, alifungua kitabu cha wageni. Asubuhi hiyo Wakesho alikuwa amepiga picha ya vizazi vinne: Susu Kalondu, bibi wa miaka tisini na moja aliyeletwa na gari la kukodi kutoka Njukini, binti yake, mjukuu wake Koki, na mtoto wa Koki, msichana wa siku sita. Saa tano na dakika arobaini, Wakesho, Koki na mama yake Koki walimshika bibi wakamteremsha hadi garini. Wakesho alirudi baada ya robo saa, akakuta memori yenye picha zile haipo.

"Kamera je?"

"Ipo. Lenzi zipo. Wamechukua memori hiyo tu. Na stima ilipotea tangu asubuhi, sikuwa nimezihamishia kwa kompyuta."

"Basi bibi arudi, upige tena."

Wakati huo lilikuwa jambo linalowezekana. Jumanne alfajiri Susu Kalondu alifia usingizini, na picha ikawa haipigiki tena.

Saa nne asubuhi hiyo Sajenti Mwandawiro wa polisi alimwita Munyao kituoni. Sajenti hakuwa amefika Kaloleni hata mara moja. Alikuwa na kiti chake, chai yake, na mtu wa kulaumu.

"Mzee, mkeo alifariki lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Una picha yake?"

"Ilikuwa kwa kitambulisho. Kitambulisho kilichukuliwa kwa chifu nilipoenda kutafuta kibali cha kuzika. Ati ndiyo sheria. Nikawaomba wanikatie hata ile picha tu, wakaniambia nisiwapotezee wakati."

"Kwa hivyo kila siku unafungulia geti watu wanaokuja kupigwa picha na jamaa zao. Roho haikuumi?"

Munyao alimtazama. "Inaniuma, afande. Huniuma sana. Lakini kuumwa si kuiba."

Sajenti aliandika ile sehemu ya kwanza tu. "Mazishi ni Ijumaa. Alhamisi saa kumi jioni kama memori haijapatikana, nakuweka ndani. Ufunguo wa ziada ulikuwa kwako."

Munyao alirudi na ulimi mchungu. Wakubwa ndivyo walivyo: mwizi akiwa mbali, humfunga aliye karibu. Alifungua kitabu chake. Walioingia au kubaki ndani katika ile robo saa, mbali na waliomsindikiza bibi, ni watatu. Sylus, mpiga picha wa karibu na soko, alikuja kuomba betri. Syombua, mama mkwe wa Koki, alikuja bila kualikwa. Na Tryphena, dada mkubwa wa Koki, alibaki ndani kukunja nguo za mtoto.

Alianza na Sylus, ambaye hakuficha kitu.

"Yule dada amenimalizia wateja, mzee. Kila anayezaa Voi hii anampelekea mtoto. Ningekuwa mwizi ningeondoka na kamera. Memori yenye susu wa watu nitaipeleka wapi?"

Syombua alimpokea mlangoni, wala hakumpa kiti.

"Mtoto wa kwanza msichana huitwa jina la mama ya baba. Ni mimi huyo. Lakini hao wanataka kumwita Kalondu, tena wanapiga picha ya vizazi vinne, mimi sijaitwa hata nishike begi. Ningeiona hiyo memori, ningeitia kwenye moto mbele yao."

"Na hukuiona?"

"Niliona kibati mezani kina bahasha. Mimi na bahasha wapi na wapi? Nilikuja kugomba, nilipowakosa nikaenda zangu."

Bahasha. Munyao alirudi kwa Wakesho, akamwomba amwonyeshe hicho kibati. Ndani kulikuwa na bahasha mbili ndogo, kila moja na memori yake, moja imeandikwa 3.4, nyingine 3.0.

"Hii ni bei?"

Wakesho alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Ni kilo, mzee. Wachanga wengi huja jina halijakubaliwa, na wazazi wengine hawataki liandikwe, wanaogopa macho mabaya. Kwa hivyo naandika uzito wa kuzaliwa. Tena wakati wa picha mwepesi hulazwa kivyake, mzito kivyake. Ile iliyoibwa ilikuwa 2.6."

"Unawaambia watu hizi namba?"

"Mama wa mtoto hunionyesha kitabu cha kliniki. Naandika, namrudishia."

Munyao alikaa kwenye benchi ya wateja, pahali ambapo hakuwa amekaa hata siku moja. Mwizi hakubeba bahasha zote. Alichagua moja kati ya tatu, na hakukosea.

Alhamisi saa nane alifika nyumbani kwa akina Koki. Wanawake walikuwa wakichambua mchele uani. Tryphena alikuwa kibarazani, akipinda gauni jeupe ambalo Susu Kalondu angevishwa mochari saa kumi. Koki alikuwa akimnyonyesha mtoto kando yake.

"Mama, mtoto alizaliwa na kilo ngapi?" Munyao alimuuliza Koki.

Aliinamisha uso. "Tatu na nusu."

"Hiyo ndiyo ya kumwambia mama mkwe. Mimi si mkwe wako."

Koki alitabasamu kwa aibu. "Mbili nukta sita. Nilijua Syombua atasema kwetu tunazaa vijiti. Hata baba mtoto nilimdanganya, maana angemwambia."

"Na mama yako?"

"Alikuwa Njukini kwa susu. Nilimwambia hivyo hivyo tatu na nusu, maana mdomo wake haufungiki. Kitabu nilikificha."

"Usiku wa kuzaa ulikuwa na nani?"

Sindano ya Tryphena ilisimama.

Munyao alituma mtu amwite Sajenti. Huyo alifika saa tisa na nusu, jasho likimtoka kwa mwendo wa dakika kumi, na Munyao akamweleza mbele ya wote.

"Syombua angetafuta tatu na nusu, angebeba 3.4, na hiyo bado ipo. Sylus hana kilo hata moja kichwani. Mimi pia, afande. Aliyejua mbili nukta sita, na alikuwa ndani ya studio, ni yule aliyesimama kando ya mizani wodini."

Koki aligeuka polepole. "Try?"

Tryphena alichukua wembe wa kukatia uzi, akafumua pindo la gauni alilokuwa ametoka kulishona, akatoa memori.

"Nilitaka azikwe nayo," alisema. "Mwanangu alikaa siku nne. Nilimpigia susu simu kila siku aje amshike. Wakasema barabara ya Njukini ni mbaya, bibi hawezi. Wakasema picha ya nini, mtoto wa siku nne. Akazikwa hana hata picha moja. Kwa wa Koki, barabara ikawa nzuri. Mtu wa nyumba hii akaniambia nikunje nguo."

Mama yao aliuweka chini ungo wa mchele. Koki alisogea, akamtoa mtoto titini, akamlaza.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuonea wivu? Ulikuwa unaniona kila siku."

Koki alichukua memori, akampa mama yake aikimbize kwa Wakesho, kisha akachukua sindano, akaanza kulipinda upya pindo la susu wao. Baada ya muda Tryphena alimshikia kitambaa. Hawakutazamana.

"Hii ni mambo ya nyumba," Sajenti alisema, akivaa kofia. "Mzee, uko huru. Nenda."

"Twende kituoni kwanza, afande."

"Kufanya nini?"

"Uliandika kwamba roho inaniuma. Sasa andika kwamba sikuiba."

"Mzee, kitu ambacho hakikutokea hakiandikwi."

"Ulitaka kunifungia hicho hicho."

Saa kumi na moja kasoro robo, Sajenti Mwandawiro aliandika mstari mmoja katika kitabu cha kituo, akakigeuza Munyao aone. Munyao, aliyeishia darasa la tatu na kuzoea kusoma majina na saa tu, alikisukuma kitabu kikarudi.

"Nisomee," alisema. "Polepole."

Sajenti akasoma.

"Tena."