Baiskeli Iliyopimwa kwa Macho

Jirani zangu, haya niliyaona mwenyewe, maana meza yangu ya kupigia pasi iko mlango wa pili kutoka kwa Mama Futi, fundi cherehani. Tulimpa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata akienda msibani.

Asubuhi zake zilikuwa tulivu. Alikuwa akifungua madirisha, akitia cherehani mafuta, kisha akiwasubiri wateja huku akiimba vibaya. Mteja akisema, "Nikadirie tu, mama, nina haraka," jibu lilikuwa lile lile: "Kwa macho huangaliwa mwezi. Nguo hupimwa kwa futi."

Mwaka juzi daktari alimwambia miguu yake inataka kazi. Wanawake wa mtaani walikuwa na kikundi cha kuendesha baiskeli za mbio kila Jumamosi asubuhi, naye akatamani kujiunga. Angehangaika kwa nini, wakati mdogo wake wa kiume, Kitindamimba wa nyumba yao, alikuwa na duka la baiskeli? Tena Mama Futi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sare za shule alimshonea yeye, na ufundi wa baiskeli alipelekwa naye kujifunza.

Nilimsindikiza siku hiyo. Kitindamimba aliishusha ukutani baiskeli nyekundu, usukani umepinda kama pembe za kondoo.

"Dada, hii nilikuwekea wewe."

"Mbona naiona ndefu? Hunipimi?"

"Nikupime wewe uliyenibeba mgongoni? Mwili wako naujua kwa macho. Kiti nitakishusha, mengine utazoea."

Mnaona? Maneno ambayo angemfukuzia mteja, kwa mdogo wake aliyameza kama uji. Mganga hajigangi. Nami, nisameheni, nikaisifu rangi.

Akisimama, bomba la juu la baiskeli, lile la kati ya kiti na usukani, lilimgusa pabaya, ikabidi ailaze upande ndipo miguu ifike chini. Akiendesha, usukani ulikuwa mbali, mikono imenyooka kama fimbo na uzito wote umelalia viganja. Alirudi dukani mara tatu. Mara ya kwanza kiti kilishushwa zaidi, magoti yakaanza kuuma. Mara ya pili kikasogezwa mbele, na shingo nayo ikaanza.

Mara ya tatu Kitindamimba alicheka. "Dada, baiskeli haina kosa. Ni umri."

Mama Futi alicheka naye. Lakini aliporudi nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha wateja, anajitazama mabega na tumbo kwa aibu. Aliamini mwili wake ndio mbovu, akazidisha mazoezi.

Kisha vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na cha pete, vikaanza kufa ganzi. Jumanne moja nilisikia ukelele nikakimbia. Gauni la bibi harusi lilikuwa mezani, limekatwa mpaka kiunoni.

"Sikuusikia mkasi," alisema. "Jirani, sikuusikia kabisa."

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alimuuliza kazi yake, mazoezi yake, kisha akasema baiskeli iletwe. Alimpima mguu kwa ndani, kutoka juu ya paja hadi sakafuni, akampima na mikono. Akainama kusoma namba ya ukubwa wa fremu, yaani kiunzi cha baiskeli, iliyobandikwa chini ya kiti: hamsini na moja. Akakunja uso. Akakwangua ile karatasi kwa ukucha, na chini yake ikatokea namba ya kiwandani: hamsini na nane. Akatueleza kwamba fremu hiyo ni ndefu mno kwake, na uzito uliolalia viganja ndio ulioumiza mshipa wa fahamu wa vidole.

Tulikwenda dukani, mimi nasukuma baiskeli, Mama Futi ameshika ile karatasi kiganjani.

"Ulijua?"

Kitindamimba alitazama sakafu. "Aliyeiagiza alikuwa bwana mrefu, akahama. Miaka miwili hakuna aliyeitaka, dada."

"Nakuuliza, kwa nini mimi?"

"Nilijua wewe hutanikatalia."

Nasema wazi, nilikasirika. Mgeni angeikagua na kuikataa. Dada ndiye aliyefaa kudanganywa, kwa kuwa anampenda. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Futi hakutukana. Aliiweka karatasi juu ya meza ya duka, tukaondoka, baiskeli tukaiacha pale pale.

Matibabu yalichukua miezi mingi. Maumivu yalikwisha, ganzi ikabaki.

Kitindamimba alipotaka kuoa, alikuja kushonewa suti, kama nguo zake zote tangu utotoni. Mama Futi alimpima mabega, kifua, mikono na kiuno, kila kipimo mara mbili, akaandika polepole kwa mkono wa kushoto. Yule bwana harusi alianza kutabasamu, akidhani amesamehewa.

"Mpelekee fundi wa barabara ya pili," dada yake alisema, akimpa karatasi. "Namba hizo ni za kweli."

"Hunishonei wewe, dada?"

Aliinua mkono wa kulia. Vidole viwili vilibaki vimekunjika. "Hivi havishoni tena."

Kisha akaivua futi shingoni, akaitundika msumarini.

FUNZO

Unaponunua baiskeli ya mbio, usinunue rangi wala undugu. Simama ukiwa umeiweka katikati ya miguu, nyayo zote zikiwa chini. Bomba la juu lisikuguse. Kaa, pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo, na mikono ifike kwenye usukani viwiko vikiwa vimelegea. Kushusha kiti hakufupishi fremu. Anayekuambia kunafupisha anakudanganya. Mwili ukilalamika, usikimbilie kuulaumu.

Na wewe unayeuza, nduguyo akikuambia, "Nakuamini," hapo hapo chukua futi umpime.